Mnara wa Golo Nderu na Jirani Yake

Mara ya tatu simu ilipokatika, Yustina Jelalu alimgusa Kanis begani asimamishe pikipiki. Alishuka, akatoa kipande cha chaki mfukoni, akachora mstari juu ya lami. Kisha akarudi nyuma kwa miguu kuitazama mistari mingine miwili aliyoichora tangu asubuhi. Yote mitatu ilikuwa ndani ya hatua sita.

"Sasa unachora barabara ya serikali," Kanis alisema bila kushuka. "Polisi wakipita hapa watadhani palikuwa na maiti."

"Maiti wa simu," Yustina alijibu, akaandika saa kwenye daftari lake.

Kona hiyo ilikuwa kilomita mbili kaskazini mwa kijiji cha Golo Nderu, pale ambapo barabara ya kwenda hospitali huzunguka jabali kabla ya kuteremka bonde la Wae Racang. Yeyote aliyefika hapo akiwa anaongea na simu, awe anakwenda au anarudi, alikatikiwa. Kwa miezi minane watu wa kijiji walikuwa wakilalamika. Mwishowe kampuni ya simu ilimtuma Yustina, mpimaji wa mawimbi ambaye hakupita chuo chochote, aliyejifunza kazi kwa kusoma vitabu chakavu walivyoviacha mafundi waliohama. Alifuatana na Kanis Hambur, mpanda minara, ambaye ndiye aliyefunga antena za mnara wa Golo Nderu.

Kazi waliyopewa ilikuwa nyepesi. Wapite konani mara tatu, waandike nguvu ya mawimbi, watume fomu makao makuu Kupang kabla ya saa kumi na moja jioni. Pak Wirya, yaani Bwana Wirya, msimamizi wao, alikuwa amekwisha kuijaza sehemu ya mwisho yeye mwenyewe: *Kilima kinazuia. Lalamiko lifungwe.*

Lalamiko likishafungwa halikufunguliwa tena. Yustina alikuwa kwenye kazi hiyo mwaka wa saba, na hakuwahi kuona hata moja lililofunguliwa.

Waliingia zahanati ya kijiji kuchaji simu za kupimia. Mkunga, Mama Ros Nggoro, alikuwa barazani anakunja vitambaa vilivyokauka.

"Mmeipatia dawa kona yetu," aliuliza, "au mmekuja kuninywea kahawa tu?"

"Kahawa kwanza, Mama," alisema Kanis.

"Nilijua. Mwezi wa pili walikuja wengine, wakamaliza birika zima, wakasema ni kilima. Kilima! Hicho kilima kipo tangu babu yangu hajaota meno, na kabla ya huo mnara wenu tulikuwa tunausikia mnara wa Wae Racang vizuri tu tukifika pale juu."

Yustina aliweka kikombe chini. "Mama, simu ikishakatika, mtandao unachukua muda gani kurudi?"

"Muda gani? Vuta pumzi nne, tano. Ukitazama umejaa pomoni."

"Basi si unapiga tena?" Kanis akadakia.

Mama Ros alimgeukia taratibu, akamwita kama wanaume wa heshima wanavyoitwa huko. "Kraeng, umewahi kuzalisha?"

"Nina watoto watatu."

"Hiyo ni kazi ya mkeo, mimi nakuuliza wewe." Alinyanyua mikono yake miwili. "Nikiwa nyuma ya gari na mama anayevuja damu, mkono huu unabana, huu umeshika chupa ya maji ya mshipa. Simu iko hapa shingoni, daktari ananiambia fanya hivi, sasa fanya vile. Tunafika konani, kimya. Nani apige tena? Dereva? Yeye ana jabali upande mmoja na shimo upande mwingine. Mwezi uliopita nilimpeleka Erna wa kwa Blasius kimya kimya, dakika arobaini. Wamepona wote wawili, mama na mtoto, nashukuru. Lakini nilikuwa nabahatisha, Enu," alimwambia Yustina, kama mtu amwitavyo binti. "Sitaki kubahatisha tena."

Kanis akatazama ndani ya kikombe chake. Hakuomba kahawa ya pili.

Yustina alitoka akakaa kwenye ngazi na daftari lake. Zile pumzi nne ndizo zilizomkera. Kama jabali lilizuia mawimbi, basi lingezuia kabla ya simu kukatika na baada yake pia. Lakini hapo hapo, ndani ya zile hatua sita, simu iliyokuwa kiziwi ilisikia kila kitu mara tu ilipoachwa huru.

Alijua simu inavyosafiri. Ikiwa katika mazungumzo haijichagulii mnara yenyewe. Mnara unaoihudumia huipa orodha ya majirani, yaani minara ya karibu: msikilize huyu, na huyu, na huyu, ukimsikia mmoja wao kwa nguvu kunizidi, niambie nikukabidhi kwake. Jirani asiye kwenye orodha anaweza kupiga kelele sikioni mwa simu, nayo isimjali. Mazungumzo yakifa, simu haifungwi tena na orodha yoyote. Husikiliza dunia nzima, humpata yule yule jirani aliyekuwa kando yake muda wote, na mtandao hujaa pomoni.

Tena kila mnara una vipande vitatu, kila kimoja na antena yake, namba yake na orodha yake. Alipiga simu Kupang.

"Tina, fomu iko wapi?" Pak Wirya hakusalimu.

"Inakuja, Pak. Naomba unisomee majirani wa Golo Nderu, kipande cha kwanza. Kile kinachotazama kaskazini."

"Wewe umetumwa kupima, hukutumwa kufikiri."

"Kupima nimemaliza, Pak. Sasa nina nafasi."

Ilisikika sauti ya vidole kwenye kibodi, kisha mguno. "Wae Racang yupo. Tena wa kwanza kabisa kwenye orodha. Umeridhika?"

Hakuridhika, wala hakukata simu. Alirudi kwenye daftari, akasoma maandishi yake ya asubuhi neno kwa neno kama kawaida yake anapokwama. Pembeni ya ukurasa alikuwa amenakili ile namba ndefu inayotokea kwenye simu ya kupimia, namba ya kipande cha mnara kinachoihudumia. Fomu haikuiuliza. Yeye huiandika kwa mazoea tu. Mara zote tatu, kabla ya kona, namba iliishia na mbili.

"Pak," alisema, "mimi nilikuwa kaskazini. Mbona simu yangu ilikuwa kwenye kipande cha pili? Hicho si cha mawio?"

"Mwangwi. Mawimbi ya mawio yanagonga jabali yanarudi. Tina, saa kumi na moja."

Huenda ulikuwa mwangwi kweli. Yustina hakupenda kumkatalia mtu kabla ya kuona. Alichukua dira na simu, akaanza kuuzunguka mnara kwa mbali, akipita mashamba ya kahawa, nyuma ya kanisa, kando ya mfereji. Kila baada ya hatua mia mbili alisimama, akaelekeza dira, akaandika. Watoto walimcheka. Bibi mmoja alimuuliza kama amepoteza mbuzi. Alipofunga duara ilikuwa saa saba na nusu mchana, na alikuwa na vituo kumi na viwili kwenye karatasi. Upande wa machweo, namba iliishia na tatu, kama ilivyotakiwa. Upande wote wa kaskazini, penye jabali na pasipo jabali, ilikuwa mbili. Upande wote wa mawio ilikuwa moja.

Haukuwa mwangwi. Antena ya kaskazini ilikuwa imeunganishwa kwenye waya wa mawio, na ya mawio kwenye waya wa kaskazini. Kila simu ya kaskazini ilipewa orodha ya majirani wa mawio, ambamo Wae Racang hayumo. Na zile zilizokuwa zikirudi, Wae Racang alizielekeza zikitafute kipande cha kwanza, nacho kilikuwa kimegeuzia uso wake kwingine kabisa.

Alimkuta Kanis ameketi kwenye ukingo wa kilima cha mnara, anamenya viazi vitamu vya kuchemsha. Chini yao lilitandazwa shamba la lingko la kijiji, mpunga wa duara kubwa uliokatwa mafungu kutoka kigingi cha katikati hadi ukingoni, kama utando wa buibui. Yustina alikaa kando yake, akapewa kiazi, wakala. Alimfahamu mtu huyu kwa miaka minne. Alikuwa amefunga minara arobaini na mmoja, hakuna hata mmoja aliowahi kurudishiwa autengeneze upya, na hapitishi wiki bila kulitaja hilo. Hakuwa mzembe. Yustina alitaka kujua mtu hodari amekoseaje.

"Kraeng," alisema, "si baba yako ndiye aliyekuwa mgawa mashamba kwenu? Alikuwa anaanzia wapi?"

"Baba?" Kanis alichangamka. "Baba alikuwa anasimama kwenye kigingi, anatazama jua linapotoka. Fungu la kwanza, la mawio. Halafu unakwenda kushoto, hivyo hivyo, mpaka duara lifunge. Sisi kwetu ndivyo, wengine wafanye wanavyojua. Na pale kwenye kigingi ukikosea upana wa kidole kimoja, kule ukingoni umemdhulumu mtu shamba zima. Naweza kugawa nimefumba macho. Tazama." Akanyoosha mkono juu ya mpunga. "Moja, mawio. Mbili..."

Kidole chake kilikuwa kimefika kaskazini. Hapo kikasimama. Kanis aligeuza shingo polepole akautazama mnara nyuma yao, antena tatu kileleni, kisha akakitazama tena kidole chake.

"Mchoro unasema moja ni kaskazini," alisema.

"Ndiyo."

"Siku ile mvua iliulowesha ukawa uji. Nikasema, vipande vitatu tu, nitashindwaje? Nikavipanga kwa kichwa." Alifuta mikono kwenye suruali. "Wewe umejua tangu lini?"

"Tangu saa saba na nusu."

"Na umekaa kimya unakula viazi."

"Ni wewe uliyenikaribisha, Kraeng."

Hakucheka. "Wirya atanila nyama."

"Fomu ina nafasi ya tatizo na nafasi ya tiba," Yustina alisema. "Nimeisoma mbele na nyuma. Haina nafasi ya jina la mtu."

Kanis aliinua macho mlimani. Ukungu ulikuwa umeanza kujikusanya juu ya mlima, na kanuni ni kwamba ukifunika kilele cha mnara hakuna anayepanda. Yustina aliutazama pia, lakini hakumharakisha. Mwisho Kanis akanyoosha kiganja.

"Nipe hiyo simu."

Pak Wirya alipopokea, alianza na fomu. Kanis alimkata kauli. "Pak, ni Kanis. Golo Nderu nimefunga moja kwenye mbili na mbili kwenye moja. Kona inakata kwa sababu hiyo. Nizimie mnara nusu saa nirekebishe."

Upande wa pili Pak Wirya aliacha kugonga kibodi.

"Tina amekwambia useme hivyo?"

"Tina hajaniambia kitu. Tina ananilisha viazi vyangu mwenyewe. Nilizifunga kwa mikono hii, Pak, najua zilipo."

"Minara arobaini na mmoja," Pak Wirya alisema polepole.

"Arobaini, basi. Na huu nitauongeza leo."

Walipewa kuanzia saa kumi hadi kumi na nusu. Wakichelewa, mnara uwake ulivyo na lalamiko lifungwe.

Saa kumi kamili mtandao ulizimika, na kijiji kizima kikajua. Watu walitoka majumbani wameinua simu juu. Mwalimu mmoja alipaza sauti kutoka kwenye uzio wa shule: "Nyinyi mmekuja kutengeneza au kuzika kabisa? Basi tuachieni hata ile ya kukatika!"

"Nusu saa tu, Mwalimu!" Yustina alijibu.

"Mwezi wa pili pia walisema nusu saa!"

Kanis alikuwa tayari ameufikia urefu wa minazi, mkanda kiunoni, ndoano moja juu, nyingine chini, bila kupumzika. Ukungu ulikuwa unateremka kumlaki. Yustina alisimama chini na redio ya mkononi, akihesabu dakika. Kwenye dakika ya kumi na moja aliona viatu vyake tu. Kwenye ya kumi na tatu ukungu ulitoka kidogo pembeni, ukapita, kilele kikaonekana, naye Kanis juu yake kama tumbili aliyejibanza.

Redio ilikwaruza. "Enu. Waya wenye utepe mwekundu ni wa ngapi?"

"Wa kwanza. Kaskazini."

"Mwekundu uko mawio!" Na ndipo kikamtoka kicheko, kicheko kikubwa cha mtu aliyekwisha kutua mzigo. "Naapa kwa mama yangu, uko mawio! Umetulia kabisa, umefungwa vizuri, kazi safi, mahali sipo!"

"Fungua, Kraeng. Una dakika kumi na nne."

"Nafungua. Nani alikaza nati hizi? Mwendawazimu gani?"

"Wewe."

"Ana mkono mzuri, huyo mwendawazimu."

Ukungu ulifunika kanisa, kisha shule, haukurudi mnarani. Saa kumi na dakika ishirini na sita Kanis aligusa ardhi. Yustina aliwasha mitambo. Taa zilikuja moja moja, na kule chini kijijini simu zikaanza kulia mfululizo, ujumbe wa nusu saa ukiingia kwa pamoja. Alitazama simu ya kupimia, akakimbia hadi kwenye barabara ya kaskazini, akatazama tena. Namba iliishia na moja.

Lakini fomu haikuuliza namba, na Mama Ros hakuhitaji namba. Ilibaki kona yenyewe.

"Nisemeje?" Mama Ros aliuliza. Alikuwa ameiweka simu yake mezani barazani, spika imefunguliwa, na nusu ya kijiji imesogea.

"Chochote, Mama. Usinyamaze tu. Ukinyamaza sitajua kama ni wewe au ni kona."

Mama Ros alifikiri, akaingia ndani, akatoka na daftari kubwa la vizazi. Kanis alipiga stati. Walipopita kanisa sauti yake ilikuwa imeanza, kavu na rasmi kama ya mtu anayesoma matangazo ibadani.

"Gaudensius, kilo mbili na nusu. Oktaviana, kilo tatu. Serafina, kilo tatu na robo, huyu alinikesha siku mbili. Bonefasius, kilo mbili na gramu mia nane..."

Pikipiki ilipanda. Jabali lilijitokeza mbele, jeusi kwa unyevu. Yustina alikuwa ameibana simu sikioni hadi sikio likamuuma. Kanis alipunguza mwendo bila kuambiwa.

"...Arnoldus, kilo tatu. Mapacha wa kwa Hendrikus, Delfina na Delfianus, kilo mbili mbili..."

Walipita mstari wa kwanza wa chaki. Walipita wa pili. Sauti ilififia kidogo, ikawa kama inatoka ndani ya mtungi. Mstari wa tatu ukapita chini ya gurudumu.

"...Yulita, kilo tatu na nusu," alisema Mama Ros, wazi kama yuko juu ya tangi la mafuta mbele yao, "mama yake ni Erna wa kwa Blasius, huyu ndiye tuliyepita naye kimya. Yulita. Enu, unasikia? Nimesema Yulita."

Yustina aliitazama simu. Namba ilikuwa imebadilika yote. Ilikuwa ya Wae Racang. Mnara ulikuwa umemsikia jirani yake, ukamkabidhi simu, na hakuna aliyehisi kitu.

Alimpiga Kanis mgongoni. Kanis akakanyaga breki. "Imekatika?"

"Endesha!"

"Imekatika ama haijakatika?"

"Haijakatika, Kraeng! Tumeshavuka! Endesha!"

Kanis alitupa mikono yote miwili juu, pikipiki ikayumba, akaidaka, akapiga ukelele uliogonga jabali ukarudi. Ukelele huo ulipita mnara wa Wae Racang, ukafika mnara wa Golo Nderu, ukatokea mezani kwa Mama Ros, na barazani watu wakalipuka. Yustina aliwasikia kwenye simu: makofi, vigelegele, mtu anapiga sufuria, Mwalimu anauliza kwa sauti kwa nini hawakuja mwezi wa pili hawa, na juu ya yote Mama Ros akipiga kelele, "Nyamazeni! Nyamazeni nyote, kipimo hakijaisha! Patrisius, kilo tatu!"

Bondeni walisimama kwenye daraja. Kwa mkono mmoja Yustina aliishika simu iliyokuwa ikisoma majina, kwa mkono mwingine akaijaza fomu kwenye simu ya pili. Alifuta maneno yote ya Pak Wirya. Kwenye tatizo aliandika: vipande viwili viliunganishwa kinyume. Kwenye tiba: vimebadilishwa, kona inapitika. Aliituma saa kumi na dakika hamsini na moja.

Pak Wirya alipiga papo hapo. "Tina. Hizo kelele za nini?"

"Ni watoto wa Golo Nderu, Pak. Wa mwaka huu."

Msimamizi alisikiliza. Kilo mbili na gramu mia mbili na hamsini zilipita, na kilo tatu na robo, na jina refu la mtakatifu. "Imevuka kona?" aliuliza mwishowe, kwa sauti ambayo Yustina hakuwahi kuisikia kwake.

"Imevuka, Pak."

"Naifunga, basi. Naandika limetatuliwa. Mpe Kanis mkono. Na wewe... endelea kufikiri."

Bado palikuwa na safari ya kurudi. Kona ilikata pande zote mbili, na Yustina hakuwa mtu wa kupima nusu ya barabara. Kanis aligeuza pikipiki, jua likawapiga usoni kupitia tundu la ukungu, na jabali likaanza tena kukua mbele yao.

"Mama Ros," Yustina alisema kwenye simu, "tunarudi. Dakika mbili tuko konani."

"Enu, majina yamekwisha. Nimefika kwa aliyezaliwa jana."

"Ya mwaka jana je?"

"Ya mwaka jana yapo. Ya miaka kumi na tisa yapo."

"Basi anza, Mama," alisema Yustina. "Tunakusikia."